Waliolala Mbele ya Mheshimiwa

9 Februari

Mama, shikamoo.

Katibu wa hospitali ametuambia leo kwamba vitanda vya wodi ya wazazi havirudi. Vilihamishiwa jengo jipya, lile ambalo Mheshimiwa mbunge wetu alilikatia utepe mwaka jana, na jengo hilo lina kufuli mpaka leo. Huku wazazi wanajifungulia sakafuni. Juzi nilimpokea mtoto nimepiga magoti, mama yake kalaza kichwa kwenye kiatu changu nilichovua kiwe mto wake.

Mgongo wako je? Dawa ya kuchua inasaidia? Mimi mzima, ila zamu za usiku zinanimaliza.

Jumamosi asubuhi Mheshimiwa anahutubia kwenye uwanja wa mpira, habari za afya. Sisi wauguzi wa usiku tutatoka kazini moja kwa moja na sare zetu, tutandike mikeka mbele ya jukwaa, tujilaze chini kama wanavyolala wazazi wodini. Hakuna bango, hakuna kelele. Akitaja wodi ya wazazi tu, tunainuka pamoja na kuondoka kimya. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao

13 Februari

Marahaba, mwanangu.

Mgongo unaniamkia kila siku kabla ya majirani. Mdogo wako mzima, anakula kama mchimba visima.

Umesema nisiwe na wasiwasi, kwa hiyo sijapata usingizi tangu barua ifike. Ukifukuzwa kazi, mdogo wako shule ataimaliza kwa ada ya nani? Halafu mimi ndiye niliyekuzaa: wewe ukigusa mkeka umekwenda. Harusini kwa dada yako ulilala muziki ukiwa juu, tukakubeba kama gunia. Mtu ametoka zamu ya usiku, mnamlaza kwenye jua la asubuhi, halafu mnategemea ainuke kwa ishara? Nani kapanga hayo? Kaeni kitako, msilale.

Mama yako

18 Februari

Mama, shikamoo. Poleni na joto.

Barua yako imefika Jumatatu, na mambo yalishakuwa.

Haya nimeelezwa na muuza maji wa uwanjani, maana mimi sikuwepo. Nilikuwa usingizini. Tulilala kweli, Mama, sote. Sindano, muuguzi mwenzangu aliyepanga mpango wote, ndiye aliyetangulia.

Mheshimiwa alianza na ile sauti yake ya kupasua mabati. Akataja wodi ya wazazi, hatukuinuka. Akarudia. Sindano akakoroma. Watu wakacheka, mpaka mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alipogeuka: "Shii! Hawa wametoka kutuzalisha." Akaja akanikinga jua kwa mwavuli wake. Wakafuata wengine, mwavuli kwa mwavuli. Muuza maji anaapa kwamba Mheshimiwa mwenyewe alishusha sauti, akamalizia hotuba kama mtu anayebembeleza mtoto. Hakuna aliyepiga makofi. Uwanja mzima uliondoka kwa kunyata.

Mimi niliota vitanda vinarudi vyenyewe barabarani, kimoja kimoja, vikitikisa magurudumu kama ng'ombe wanaorudi zizini, nami nimesimama mlangoni navipisha. Nilipofumbua macho hapakuwa na mtu ila sisi. Juu yangu palikuwa na mbingu ndogo ya samawati, yenye vyuma: ule mwavuli, kaniachia.

Leo uongozi wa hospitali umetushtaki kwa kulala kazini. Tulikuwa nje ya zamu. Wanasema tukisaini kuomba radhi, yameisha.

Mwanao

21 Februari

Marahaba, mwanangu. Huku salama, mvua imeanza.

Nilikuambia! Nimewasomea majirani. Fundi viatu amecheka mpaka akajidunga sindano. Kisha akaniuliza, "Na yule aliyelalia kiatu, nani atamwomba radhi?" Nimekaa na swali lake siku nzima.

Nilikuandikia kwa hofu. Sasa fanya unavyoona. Mdogo wako niachie mimi.

Mama yako

26 Februari

Mama, shikamoo. Nimefurahi kusikia habari ya mvua.

Mtunza stoo ametuambia asubuhi hii kwamba kufuli la jengo jipya limefunguliwa na vitanda vinarudi kwetu. Sababu haikutajwa. Matroni katuamuru tupige deki wodi nzima, na alikuwa akiimba.

Sindano amesaini. Ana mapacha, simlaumu. Alinipa kalamu bila kunitazama usoni, nikaitumia kujaza chati ya mgonjwa, nikamrudishia. Sijasaini.

Vitanda vinashushwa Jumatatu asubuhi. Kamati ya nidhamu inanisikiliza Jumanne, saa tatu.

Mwanao