Saa Ngumu Isiyo na Mkanda

Kisangani, Jumatano, jioni. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, nayo sasa imepungua bila kukoma.

Leo nimeitumia kompyuta ya kampuni kwa mara ya mwisho. Kesho asubuhi itapelekwa uwanjani Simi-Simi, ipakiwe kwenye ndege ya Kinshasa. Mkurugenzi ametangaza hivyo mbele yetu sote, na hakuna aliyesikitika ila mimi.

Naandika kwa utaratibu ili nisichanganye hasira na ukweli.

Niliomba ruhusa ya mashine hiyo kwa barua tatu, kila moja ikianza kwa heshima zote zimstahilizo Mkurugenzi. Nikaruhusiwa kuitumia wakati wa mapumziko. Wenzangu walipokwenda kula, mimi nilibaki nikichora saa ya mkononi, mistari ya kijani juu ya kioo cheusi. Ni saa ya watu wanaoshusha magogo mtoni: kasha nene, ukingo uliopanda juu ya kioo ili kisipasuke, mfuniko wa nyuma wenye skrubu nne, na duara la mpira la kuzuia maji. Katika mji huu saa hufa kwa unyevu. Yangu ilikufa hivyo.

Tangu mke wangu arudi kwao Kindu, hiyo ndiyo kazi pekee iliyonifanya niamke kwa hamu.

Mashine ya kuchapia michoro haina utepe, na hakuna aliyejua pa kuuagiza. Basi leo nililazimika kuchagua: nimalize mkanda wa saa kwenye kompyuta, au ninakili nilichonacho kabla umeme haujakatika. Nikachagua kunakili. Nilibandika karatasi ya kalki, ile inayoonyesha cha chini yake, juu ya kioo nikafuata mistari kwa penseli. Kioo kile kimebinuka. Karatasi ikateleza, na mchoro wa kwanza ukaharibika.

Ndipo akaingia Tonton Ramazani, dereva, aliyekuja kupima ukubwa wa sanduku la kubebea mashine kesho.

“Citoyen, hii iko saa ao iko kifuniko ya sufuria?”

Nikamweleza kwamba unene ule una sababu zake.

“Vaa tu. Soda wa kambi ya Kapalata akiiona, hataomba saa. Ataomba mukono muzima.”

Sikucheka, ingawa ilichekesha; askari wa kambi ile huwavua watu saa njiani. Yeye akaishika karatasi kwa viganja vyote viwili, akasimama hivyo, nikachora mbele, ubavu na mgongo. Nilisikia pumzi yake karibu na sikio langu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kusimama karibu nami kiasi hicho pasipo kuhitaji sahihi yangu.

Umeme ukakatika nikiwa kwenye skrubu ya nne. Kasha limeokoka. Mkanda haupo.

Ramazani akajifuta mikono. “Kuya tukule kwangu. Mama iko na pondu, na samaki.”

Nikamjibu kwamba ninathamini sana ukarimu wake, ila majukumu yangu hayaniruhusu kuukubali kwa leo.

Majukumu gani?

Alinitazama kidogo, akasema, “Bon, ni sawa,” akatoka kwenye mvua. Nami nikaja hapa nyumbani nikala mkate mkavu, mchoro ukiwa mezani mahali pa sahani ya pili.

Nilijifunza peke yangu kuandika maombi yasiyo na kosa. Kukubali sikujifunza, maana kwa miaka mingi sikuombwa chochote. Mtu akikataa mwaliko kwa maneno mazuri namna ile, hapa kwetu haalikwi tena.

Mkanda hauchorwi bila kipimo cha mkono wa mtu. Ningeweza kupima wangu na kumaliza kazi usiku huu, uzi ninao.

Kesho, ndege ikishaondoka, nitakwenda na uzi huo nyumbani kwa Ramazani nimpime mkono, saa ya chakula, bila kutayarisha la kusema.