Mama mkwe ameonekana kifuani mwa mdoli

Shangazi Pil-sun, shikamoo, na nakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa nilipo sina raha hata ya kula.

Mimi ni mke wa mtu hapa Changwon, nina miaka thelathini na nne, na nina siri: navisha midoli stika ya kromu. Ile midoli midogo ya mashujaa, yenye viungo vya kukunjika, naitenganisha viungo, naifuta mafuta kwa spiriti, halafu naivisha stika mkono kwa mkono, mguu kwa mguu, mpaka ing'ae kama kioo, ujitazame upake wanja, na mume wangu Mun-gyu anajua na hana neno, tatizo ni mama yake tunayeishi naye. Kabla hata sijaolewa nilimsikia akimsema mpwa wake, eti mtu mzima na midoli bado hajaachishwa ziwa, basi nikaufyata, na tangu hapo nikitaka kufanya mambo yangu najifungia chumbani kwa kitasa na kusema napiga hesabu za kazini, na draya ya nywele ninayopashia stika naiazima yake bila kumwambia.

Sasa Jumamosi alitoka kwenda bafu la mtaani kuoga na wenzake, nikajua nina mchana mzima, nikaacha mlango wazi nikaanza kuvisha bega, bega likanitesa, stika ikachanika mara mbili, nikatukana matusi ambayo siwezi kuyaandika gazetini, mara ya tatu ikakubali, nikapiga picha nikatuma kwenye kundi letu la mtandaoni. Nilipotoka nikakuta sahani ya mapeasi yaliyomenywa pale mlangoni, nikadhani ni Mun-gyu, nikala.

Jioni tunakunywa supu, mama mkwe akasema, macho kwenye bakuli lake, "Ukiivuta ya baridi itachanika. Ipashe kwanza, italala yenyewe." Shangazi, mezani hakukuwa na kitu cha kuvutwa. Nikajua ni fumbo, napigwa kijembe, ndoa yangu ndiyo ya baridi na karibu itachanika. Kesho yake akamwambia mwanawe kwamba baada ya sikukuu ya Chuseok anahamia Ulsan kwa binti yake, kwa sababu nyumba anayofungiwa milango si yake.

Sijakaa sawa, mtu wa kundi akaniandikia, "Kazi nzuri, lakini huyo bibi kifuani mwa mdoli ni nani?" Nikaikuza picha. Ni yeye, nyuma yangu mimi niliyeshika simu, mdogo kama punje ya mchele, taulo shingoni, sahani mkononi. Huyo mtu sijamjibu hadi leo. Niifute picha? Niiuze midoli? Na lile fumbo maana yake nini? Sitaki aondoke, Shangazi. Nampenda, ila namwogopa.

Mimi, Mama Kromu

*

Mama Kromu, marahaba. Nimecheka, nisamehe, nilijizuia nikashindwa.

Fumbo gani, wewe? Stika imekuchanikia mara mbili, mama wa watu amesimama mlangoni anakuona unavyohangaika na unavyotukana, jioni anakwambia ipashe kwanza, nawe unaanza kutafuta ndoa kwenye bakuli la supu! Alikuwa anakuelekeza bega. Na hiyo draya unayoiba, unadhani inarudi bila harufu ya plastiki? Anajua siku nyingi, amenyamaza.

Pole kwa hofu yako, naielewa, mimi pia nilikuwa na mkwe. Lakini neno alilolisema kuhusu mpwa wake umelihifadhi miaka yote, mapeasi aliyokumenyea umeyala na hata asante hukusema. Hakimbii midoli huyu, anakimbia kitasa. Kila ukikizungusha anasikia, na mtu mzima akifungiwa mlango anajua anasengenywa. Kosa ni lako, mwanangu, na dawa unayo.

Usiuze kitu. Jumamosi akirudi kutoka kuoga akute mlango wazi, kigoda cha pili kimewekwa, draya yake juu ya meza na bega halijavishwa. Mapeasi menya wewe. Usianze hotuba ya kuomba radhi, utalia na kazi itaharibika. Sema tu, "Mama, bega linanishinda." Atakusema kwamba hujaachishwa ziwa. Itikia ndiyo, mama, umpe draya. Ulsan utaisikia ikitajwa kidogo kidogo, halafu hutaisikia tena.

Na picha, ole wako ukiifuta. Mmeishi nyumba moja muda wote huo, na hiyo ndiyo picha yenu ya kwanza mkiwa wawili tu. Yule aliyeuliza bibi ni nani anangoja jibu. Mwandikie leo kwamba ni mama yako.