Ukanda wa Mlango wa Kushoto

Ami Mbwana,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikakaa kitako kulitazama, maana nimezoea ukinijibu kabla sijamaliza kulitamka. Leo itabidi nijiitikie mwenyewe.

Huku tumepata uhuru wetu. Bendera mpya iko hata kwenye duka la mkaa pale Changamwe, na msimamizi wetu siku hizi anatuita ndugu, ingawa kelele zake ni zile zile. Gereji imepakwa rangi. Ndoano uliyokuwa ukitundikia kofia yako ipo mahali pake na hakuna anayeitumia. Mimi ndiye sasa ninayeitwa fundi mkuu wa bodi. Kila wakiniita hivyo naona haya, na leo nataka kukwambia kwa nini.

Unalikumbuka lile gari jeusi la yule bwana wa Kisauni. Lilikuwa zee, mikanda yake ya nikeli, ile ya pambo ubavuni, haipatikani tena dukani, na msimamizi alikuwa ametuonya kwamba atakayeuharibu hata mmoja asije kesho yake. Tulitakiwa tuitoe ili tunyooshe bodi na kupiga rangi. Wewe ulichukua upande wa kushoto, mimi wa kulia.

Kazi ile ulinifundisha wewe. Unafungua kwanza ngozi ya ndani ya mlango, unapitisha mkono, unazitafuta nati kwa vidole, unazilegeza moja moja. Halafu unakuja nje na kabari yako ya mti iliyoviringwa kitambaa, unausukuma ukanda pole pole, kibanio baada ya kibanio. "Usiuvute, Omari. Uombe utoke." Miaka saba nilikusikia ukisema hivyo, na miaka saba nilikuwa nikicheka.

Siku ile kulikuwa na mpira, nami nilikuwa na haraka ya kuuwahi. Sikufichi, Ami, hakukuwa na jambo kubwa zaidi ya hilo. Wewe ulikuwa umekwisha kuutoa ukanda wa mlango wako wa mbele, ukaulaza juu ya gunia, ukaenda kuswali alasiri. Mimi nilisema nitaswali nyumbani. Sikufungua ngozi ya ndani. Nilitia bisibisi chini ya ukanda nikabinya, na nati moja iliyokuwa imeshika huko nyuma ikakataa. Ukanda ulipotoka ulikuwa umepinda katikati.

Ikanijia kwamba ukanda wa mlango wa mbele ni mmoja kushoto na kulia, ukiugeuza tu. Nikauchukua wako mzima nikauweka kwangu, na wangu nikaulaza juu ya gunia lako. Nikaupangusa, kusudi usione alama za vidole vyangu. Hata hilo nililifikiria.

Ulirudi na maji ya udhu bado kwenye ndevu. Uliuona. Uliuinua, ukapitisha kidole pale palipopinda, kisha ukautazama mkono wako wa kulia. Sote tulijua mkono ule ulikuwa umeanza kutetemeka ukishika kikombe cha kahawa. Sote tulijua pia kwamba ukigusa bati unatulia, lakini hilo hakuna aliyelikumbuka. Msimamizi alipokuja, ulisema, "Ni mimi." Nilikuwa nimesimama karibu yako kabisa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, wallahi nilikuwa nayo, na niliufunga mdomo wangu.

Hawakukufukuza, kwa sababu ya ukongwe wako. Walikupa msasa. Wewe, uliyeunyoosha mlango uliokunjika mpaka mwenyewe akauliza ulipopondeka ni wapi, ukawekwa kusugua rangi pamoja na walioingia kazini juzi. Baada ya mwezi ukanikabidhi kabari yako, ukasema, "Mkono wangu umeniacha, mwanangu. Wako bado." Nikaipokea kwa mikono miwili. Sijui niliwezaje.

Hukurudi tena gereji. Ukakaa Chaani miaka miwili, ukafa. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lako, na watu waliniambia pole kama mtoto wako.

Juzi mkeo, Bi Zuhura, ametoka edani, akaniita. Nilimkuta amevaa leso mpya na ameoka mkate wa sinia. Akanipeleka nyuma ya jiko, akanionyesha mlango wa gari umeegemezwa ukutani. Mlango mkuukuu, wa chuma chakavu, lakini ukanda wake wa nikeli unang'aa. Akanieleza kwamba uliununua wiki ile ile uliyoacha kazi, na kwamba kila baada ya alasiri ulikaa hapo ukautoa ukanda, ukaurudisha, ukautoa tena. Ulikuwa ukimuuliza, "Zuhura, kosa langu liko wapi? Mbona hapa haupindi?"

Nilipiga magoti nikaangalia. Rangi imelika kuzunguka kila tundu, hata bati linaonekana. Nikautoa ukanda nikaulaza juu ya sakafu ya saruji. Haukuinuka popote. Miaka miwili ya kuutoa na kuurudisha, na umenyooka.

Bi Zuhura akasema mlango ni wangu, maana mimi ndiye niliyekuwa mkono wako. Nilitaka kusema, Ami. Badala yake nikala mkate wake, vipande viwili, nikamshukuru, nikaondoka na mlango juu ya mkokoteni. Nimejiona mtu duni kuliko siku ile ya mpira.

Basi sikiliza ninachokuahidi. Kesho asubuhi, kabla hatujashika kazi, nitawakusanya wote na msimamizi, niwaambie ule ukanda aliupinda nani. Wakinipa msasa, nitasugua. Kutoka hapo nitaurudisha mlango Chaani, pamoja na kabari, na nitamwambia Bi Zuhura uso kwa uso. Yeye ndiye ninayemwogopa. Akinifukuza, nitakwenda zangu, na wiki ijayo nitarudi tena kumsalimu.

Mungu akulaze pema, Ami yangu. Mkono wako ulikuwa mzima. Kosa ulilolitafuta miaka miwili lilikuwa limesimama upande wa pili wa gari, likikungoja urudi kutoka kuswali.

Omari