Ofisi Mpya Inatazama Barabara

Wewe uliyechora ile ofisi kuu mpya ya shamba letu la mkonge, huna mama? Ulikaa na rula yako ukapiga mistari, ukanywa chai, hukujiuliza hata mara moja mtu aliyeumia atapita wapi? Mjinga wee! Umesoma mpaka ukasahau kwamba nyumba wanaijia watu.

Haya, nimeshasema. Sasa niandike kwa utaratibu.

Leo Jumamosi. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria, na mimi sijala kitu. Siumwi. Ni woga. Nimezaa kwenye kambi ya wafanyakazi bila mkunga, nimemzika mume wangu hapa hapa Mazinde, na sikuogopa namna hii.

Namwogopea Zawadi, mjukuu wangu. Nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipoolewa tena kule Handeni. Anafanya kazi korona. Msicheke, sisi watu wa mkonge kile kiwanda cha kukamua majani tumekiita korona tangu zamani, kabla ugonjwa haujatuchukulia jina letu. Jumatatu wanataka akalishe mashine. Asimame pale pale mdomoni, alipokuwa anasimama mwenzake Halima.

Na Halima yuko hospitali Korogwe. Mkono umebaki nusu.

Ilikuwa Alhamisi. Koti lake la kazi lilinaswa, mashine ikavuta. Wenzake wakaizima, wakamfunga kanga, msimamizi akapiga simu ofisini kuomba gari. Simu ikaita, ikaita, kumbe wakubwa wako kwenye mkutano. Basi wakakimbilia ofisini. Na wakata mkonge waliokuwa wanashusha mzigo wakakimbia nao, visu mkononi, maana mkata mkonge hakiachi kisu chake chini. Kikipotea ni juu yake.

Sasa jifanye wewe ndiye uliyeko ndani, kwenye ubaridi wa kiyoyozi. Hujaona mashine, hujasikia kelele. Mara watu wanazunguka kona, wana damu, wana visu, wanapiga kioo. Utasema nini?

Walisema ni mgomo. Wakafunga milango, wakaingia chini ya meza.

Mlango wenyewe hufunguka kwa kadi, na kadi wanazo wa ndani tu. Kioo chake ni cha kujitazamia: wao wanakuona, wewe unajiona mwenyewe. Zawadi alikuwepo. Anasema alipiga kile kioo mpaka viganja vikavimba, na muda wote huo alikuwa anaona uso wake mwenyewe unalia. Gari lilipotolewa mwishowe, Halima alikuwa hajibu tena akiitwa.

Leo nimekwenda kuitazama hiyo nyumba.

Kwetu posa haijibiwi kabla mwanamke mtu mzima hajatumwa kuiangalia nyumba ya bwana. Hatumwi kuhesabu mabati. Anatazama mgeni anakaa wapi, na mwenye nyumba akiwa kwenye shughuli zake anamwona nani. Mimi niliposwa Handeni, na shangazi alikuja mpaka kambini hapa, akarudi akasema: "Nyumba ni ndogo kama kizimba cha kuku, lakini jiko linaona njia. Mtoto akianguka, ataokotwa." Nikaolewa. Hakukosea.

Zawadi alipopata kazi hakuna aliyetumwa kutazama. Tulishangilia tu. Wazee wazima!

Nimeanza mbele. Hakuna benchi. Hakuna baraza. Hata paa halikutokeza kidogo mtu akajikinga jua. Kuna maua na bendera, na jina la kampuni kwa herufi kubwa kuliko mimi, limeelekezwa barabara kuu ili wanaopita na mabasi ya Arusha walione. Mlinzi akaniamkia vizuri, kisha akaniuliza, "Bibi, una miadi?"

Nikamwambia, "Miadi ninayo na Mungu. Wewe nipishe."

Akacheka, hakunipisha. Akamwita kijana mmoja wa ofisini, mwenye viatu vyenye ncha, naye akatoka, maana wana amri ya kuwa na adabu kwa wazee. Kijana si mbaya. Akaanza kunisifia jengo. Akasema, "Bibi, jengo ndilo utamaduni wa kampuni. Hiki kioo chote maana yake ni uwazi."

"Uwazi! Haya, mimi nikisimama hapa naona nini?"

Akatazama. Akajiona. Akakohoa.

Nimezunguka nyuma, ananifuata akisema bibi huku hapapitwi. Huko nyuma ndiko iliko korona, ng'ambo ya uwanja tu, ukirusha jiwe linafika. Na ukuta wote wa upande huo hauna dirisha hata moja. Kuna mashine za viyoyozi, zimepangwa safu, zinapuliza joto la ndani kuelekea kwa watu wanaofanya kazi.

Nikashika ukuta. Ulikuwa wa moto.

Msije mkadhani naililia ofisi ya zamani. Ile ilijengwa juu ya kilima ili tuchungwe kama mbuzi. Dirisha la meneja lilikuwa juu ya vichwa vyetu, na ukinyoosha mgongo tu unasikia unatukanwa mpaka ukoo wako. Mume wangu aliichukia mpaka anakufa. Lakini siku mwenzake mmoja alipozimia kwenye mashine, meneja yule yule mwenye matusi alishuka kilima anakimbia, kofia ikamdondoka, akambeba. Alitutazama kwa ubaya, lakini alitutazama.

Hawa wapya hawatukani. Wanasema karibu, wanasema asante, wanatupa fulana zenye jina la kampuni. Na wametujengea ukuta. Mtu anaweza kukufundisha maneno mazuri, lakini nyumba yake itakwambia anataka kumwona nani. Hawa wanataka kuonwa na barabara.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Zawadi, hutakwenda Jumatatu, kwisha.

Alikuwa anamwogesha mwanawe kwenye beseni. Hakugeuka. Akasema, "Bibi, nisipokwenda watamweka Mwanaidi. Ndiye anayefuata."

Mwanaidi ni binti wa jirani yangu. Nilimpokea mimi siku anazaliwa, kwa mikono hii.

"Basi afadhali..." Nimeona aibu kwa nilichotaka kusema. Woga ni mchoyo, jamani. Unakufanya utoe mtoto wa mwenzio.

Zawadi akamfunga mtoto taulo, akaniuliza, "Sasa Bibi, wewe unaona tufanyeje?"

Nikamkimbia. Mimi! Mimi ambaye watu wanatoka mpaka Mkumbara kuja kuniuliza mambo yao. Nimechukua simu nikaja kukaa huku uani, naandika, nafuta, narudia.

Nikifumba macho nakiona kile kioo kinapigwa. Sasa si Zawadi anayempigia mwenzake. Ni wengine wanampigia yeye.

Ukuta wao hatutaubomoa, hatuna nguvu hiyo. Basi wao ndio watoke. Zawadi, najua unasoma huku mtandaoni ninakoandika, kwa hiyo nisikilize, usinibishie. Kesho watu wakitoka kanisani, na Waislamu uwapate majumbani, pita nyumba kwa nyumba kambi nzima, uanze kwa Mwanaidi. Waambie Jumatatu wote mwende kazini kwa wakati, asitoroke mtu, ila visu viachwe nyumbani ili wasipate kisingizio tena. Mkifika mkae chini mbele ya mashine. Asilishe mtu hata jani moja mpaka meneja alete meza yake pale korona, akae anakoona, na dereva na gari wakae hapo hapo mlangoni. Mimi nitakuwa mstari wa mbele. Mwambie mama yake Mwanaidi naye aje, na asije na kilio. Sasa zima taa, mlaze mtoto, ulale.