Mchanga Uliokuwa Nyuma ya Boma la Mama

Ng'ambo ya Laga,
Kakuma, Turkana.
9 Juni, 2024

Mpendwa ndugu yangu Longor,

Ejok? Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lamu, wewe, mkeo Ruqiyo na mtoto Najib. Je, kile kikohozi cha mtoto kimepona? Naandika kwa Kiswahili ili Ruqiyo naye ajisomee, maana Mama alimpenda sana ingawa walionana mara moja tu. Mimi mwili wangu ni mzima. Wanangu wanakula na wanakwenda shule. Zaidi ya hapo sina la kujivunia.

Uliponipigia baada ya mazishi uliniuliza ilikuwaje, nami nikalia tu hadi laini ikakatika. Usidhani nilikuwa nakuficha. Mdomo umenishinda, nikaona nijaribu kwa mkono.

Unakikumbuka kile kilima cha mchanga nyuma ya boma letu, pale Tarach, laga yetu isiyo na maji ila mvua ikinyesha, inapokata kona. Tulikizoea hata hatukukiona tena. Upepo ulikijenga kwa mchanga wa laga tangu kabla Baba hajazaliwa, na mikoma ikakishika kwa mizizi yake kisitembee. Mafuriko yalipokuja yalikigonga, yakageuka, yakaenda zake. Wakati wa kiangazi Mama alichimba chini yake akapata maji matamu, hata pale visima vya wengine vilipotoa chumvi. Siku ulipomweleza kwa simu kwamba huko Shela pia watu wanavilinda vilima vyao vya mchanga kwa ajili ya maji ya visima, alicheka, akasema kumbe na watu wa baharini wanaishi nyuma ya mchanga kama sisi. Habari hiyo aliwapelekea majirani wote.

Mwaka jana malori yakaja. Mji unakua, kila mtu anajenga, na mwanakandarasi mmoja alielewana na baadhi ya wazee achote mchanga pale kwa sababu ni karibu na barabara. Kwanza waliikata mikoma ili lori lipate njia. Kisha wakatafuta vijana wa kupakia, na kitindamimba wetu Lokiru akawa mmoja wao.

Hapa nakuomba usome polepole. Unajua mbuzi wake walikwisha wote kwa ule ukame. Alikuwa anashinda amekaa tu, na mkewe Carol alikuwa hana hata unga wa kukoroga. Alipopewa beleshi alilipokea kama mtu mwenye kiu aliyepewa maji.

Asubuhi moja Mama alitoka akaenda kuketi juu ya mchanga, mbele ya lori. Nilikuwepo. Dereva alimwambia bila ukali, "Mama, hii ni mchanga tu. Turkana yote iko mchanga."

"Basi chukua ile ingine," Mama akajibu kwa Kiswahili chake. "Hii ni mlango yangu."

Dereva akamgeukia Lokiru. "Si huyu ni mama yako? Mtoe basi."

Lokiru alisimama na beleshi lake, hajui atazame wapi. Mwishowe aliliweka chini akaanza kuja. Mama alipomwona anakuja aliinuka mwenyewe, akajipangusa. Akamwambia kwa lugha yetu, "Rudi kwenye kazi yako. Sitaki watu waone umeniondoa." Akaingia ndani. Jioni alimwekea chakula kama siku zote, na jambo hilo hakulitaja tena, kwake wala kwangu.

Kilichobaki cha kilima, kwa kuwa hakikuwa tena na miti, kilianza kutembea. Upepo ukivuma tulikuta mchanga ndani ya nyumba, ndani ya sufuria, ndani ya matandiko. Mama aliuzoa asubuhi, jioni ukarudi. Macho yake yakawa mekundu. Na pale alipokuwa akichimba maji, pakakauka. Nilimsihi ahamie kwangu mjini, akasema mbuzi wake hawawezi kuishi chini ya mabati. Na malori yakaendelea kuchota mpaka pale mahali pakawa sawa na kiganja.

Mwisho wa Aprili mvua kubwa ilinyesha milimani, upande wa Uganda. Hapa kwetu hakikuanguka hata kitone. Ulikuwa mchana wa jua kali, na Mama alikuwa amejilaza kivulini. Mimi nilikuwa sokoni nauza mikeka. Jirani yetu Gai, yule wa kutoka Sudan Kusini, alikuwa anaziba pancha ya baiskeli yake aliposikia ngurumo. Akatazama juu, hakuna wingu. Hapo akaelewa, akaanza kupiga kelele. Maji yalifika kwenye kona, hayakupata cha kugonga, yakanyooka moja kwa moja hadi bomani.

Gai anasema Mama alishatoka. Alikuwa amefika karibu na njia ya juu, kisha akageuka akarudi kuwafungulia vitoto vya mbuzi. Hapo ndipo alipomwona mara ya mwisho.

Lokiru alikuwa mjini, anashusha mchanga kwenye jengo la watu. Alikuja mbio. Unajua maji ya laga hayakawii kupungua. Jua lilipoinama tulianza kutafuta kuelekea chini, na ni yeye aliyeziona shanga za Mama. Mchanga ulikuwa umemfunika hadi shingoni. Wenzake walikuja na mabeleshi kusaidia, akawafukuza. "Msimguse na hizo," alisema. Akachimba kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu, nasi tukapiga magoti tukachimba pamoja naye.

Tulimzika kesho yake mahali pa juu, na katekista alituombea. Tumepanga mawe mengi juu ya kaburi. Usijilaumu kwamba hukufika, barabara zote zilikuwa zimekatika na joto halikuturuhusu kungoja.

Sasa lipo jambo lingine, na ndilo lililonifanya niandike. Lokiru aliondoka siku iliyofuata bila kuaga. Carol amejifungua mtoto wa kike, tukampa jina la Mama, Ajok. Nilipanda gari hadi Lodwar kumtafuta baba yake. Nilimkuta kwenye duka la Abdiladif, yule mfanyabiashara Msomali aliyekuwa rafiki ya Baba. Anabeba magunia, analala barazani. Amekonda, Longor, nilimpita kwanza nikarudi. Nilimwambia amepata binti. Akauliza jina. Nilipolitaja aligeuza uso akatazama ukuta.

Nikamwambia kosa si lake, kwamba wazee walikubali, kwamba asingepakia yeye angepakia mwingine. Akasema, "Dada, nyinyi mlimzika siku moja. Mimi nilianza kumzika mwaka jana." Tuliketi pale hadi gari langu likaita abiria.

Huku malori yamehamia kona ya juu, penye kilima kingine na maboma mengine. Wiki jana wanawake wa kule walikwenda kuketi juu ya mchanga, nami nikaenda nao. Dereva alizima injini, akatungoja, mwisho akarudi. Sijui kama atarudi na askari. Kwetu hata wakiacha leo, wamechelewa.

Ninalokuomba ni hili: mwite Lokiru aje kwako Lamu kwa muda. Simu yangu hapokei. Mpigie kupitia Abdiladif, atampa. Usimwambie hana hatia, hilo tumemwambia sote, na haliingii. Mwambie tu Najib anataka kumjua baba yake mdogo. Akipata nguvu atarudi kumbeba mtoto wake. Asipokwenda kwako, ndugu yangu, naogopa nitakuandikia barua nyingine kama hii, na mkono huu hauna uwezo huo.

Carol anakusalimu, na Gai na watu wa nyumbani kwake wanakupa pole. Mbusu Najib. Mwambie Ruqiyo kwamba ile leso aliyomletea Mama alipokuja, Mama hakuwahi kuivaa, aliiweka akisema ni ya siku kubwa. Ndiyo tuliyomfunika nayo.

Akuj, Mungu wetu, awafunike na nyinyi huko mliko, awape mvua ya kiasi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata katika siku hizi,

Abei