Paa la Ghala la Pamba

Koboko

Dada yangu Marta,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani. Je, mguu wa Mama umepona? Anafika kanisani bila kushikwa? Mimi mwili hauna shida, ila moyo umechafuka.

Nilikuandikia kuhusu lile ghala la pamba njia ya Oraba, lililobaki na popo tangu Mhindi mwenye ghala alipofukuzwa nchini. Nilitaka kulifanya nyumba ya kuzalishia. Mwaka jana Yunisi, mke wa jirani yangu, alijifungulia njiani akienda hospitali, mtoto akamfia mikononi. Chifu alikubali, lakini akasema nisiguse ukuta bila ruhusa ya ofisi ya serikali kule Arua.

Nikachora ramani, nikaipeleka. Miezi mitano, dada! Mwishowe akaja mkaguzi wa majengo. Nikamchinjia kuku. Akala hadi akalamba vidole, akagonga ukuta, akatazama sana mabati, akasema, "Nyumba iko nguvu. Ngoja barua."

Badala ya barua likaja lori. Wanaume wakapanda juu, wakang'oa mabati yote. Nilipopiga kelele, dereva akaniambia kwa aibu, "Mama, mimi natumwa tu. Mkaguzi anajenga nyumba ya nguruwe."

Nikaenda Arua. Yule mkaguzi hakuinua hata macho.

"Ombi imekataliwa. Nyumba haiko na paa."

"Paa umechukua wewe," nikamwambia.

Akacheka, akanishika mkono kana kwamba tumepatana. "Mama, wewe mutu ya Kongo. Unataka kulala kwenu leo?"

Nikaelewa: angenifukuza nchini kama yule Mhindi. Kwa ajili ya watoto wangu nikanyamaza, na hilo ndilo linalonichefua zaidi. Nguruwe wake wanalala pakavu, sisi tunazalia matopeni! Miaka kumi ya ukunga mikono hii inashika damu na uchafu wa uzazi, sijaona kinyaa. Siku ile nilijisugua bombani mkono alioushika hadi ngozi ikawaka.

Niliporudi nikakuta Yunisi amewakusanya wanawake, wamekata nyasi mizigo na mizigo. Tumeezeka chumba kimoja, bila barua ya mtu. Jumanne amezaliwa msichana humo, mvua ikipiga. Wakija kutubomolea, watatukuta ndani.

Msalimie shemeji Petro na mjomba Anyasi, katekista wetu. Mama usimwambie habari ya yule bwana. Mwambie habari ya mtoto.

Ni mimi mdogo wako,
Kristina