Kitita cha Mzee Kaberia

Jumatatu, 7 Machi 1994

Mazoezi asubuhi. Vumbi tupu. Uwanja wetu hapa Maua umeinama, ukishambulia goli la juu unapanda mlima. Wenzangu ni wakulima na wapakiaji. Mimi peke yangu nalipwa kucheza. Kwa jina ni mpakiaji wa miraa wa Mzee Kaberia, mwenye timu, ila sijawahi kuinua hata gunia. Mama huko Siakago bado anauliza nitapata lini kazi ya kweli.

Nimeitwa majaribio Nairobi, Jumanne ijayo. Timu ya ligi kuu. Nina miaka ishirini na saba, hawataita tena. Sijamwambia Mzee. Naogopa.

Jumatano, 9 Machi

Mzee amekuja chumbani kwangu na wazee wawili. Wamekaa kitandani, kiti sina. Ameniletea kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Akasifu mabao yangu. Akalalamika mvua imechelewa. Nikafungua, nikatafuna, nikashukuru. Wakaondoka wakicheka. Miraa tamu kweli.

Alhamisi, 10 Machi

Nimemsimulia Mutuma, golikipa wetu, mzaliwa wa hapa. Akaacha kufunga kamba za viatu.

"Walikuja watatu, na ukatafuna mbele yao? Wewe umeshaolewa, bwana."

Kumbe huku kitita cha namna hiyo ni ombi, hata posa hupelekwa hivyo. Ukitafuna umekubali. Mzee alikuwa amesikia habari za Nairobi. Alikuja kuniomba nibaki, nami nikaitikia mdomo ukiwa umejaa. Kwetu Siakago, huko Mbeere, muguka, miraa yetu ya majani, ni muguka tu, unatafuna ukichunga mbuzi. Mjinga mimi! Nina hasira na Mzee. Aibu ni kubwa zaidi.

Kutoroka naweza. Lakini mwaka jana nilipovunjika mguu ni yeye aliyenilisha mpaka nikapona. Siwezi.

Mutuma anasema dawa ni moja: kitita kwa kitita. Nami nikaombe.

Jumamosi, 12 Machi

Nimerudi kutoka nyumbani. Mama alinichumia muguka kwa mkono wake, bila maswali mengi. Mutuma akanisaidia kufunga kwa majani ya mgomba. Tukaenda kwa Mzee, wale wazee wawili wakiwepo. Nikaomba aniachilie.

Wazee walicheka mpaka machozi. "Majani ya mbuzi!"

Mzee hakucheka. Hakufungua pia. Alikiweka dirishani, penye jua. Kikikauka hakitafuniki tena, na ombi limekufa.

Jumapili, 13 Machi

Sare. Nimekosa penalti. Watu wamesema nimeuza mechi kwa sababu nahama. Mzee alisimama kando ya uwanja, kisha akageuka akaenda zake. Heri angenitukana.

Jumatatu, 14 Machi

Ameniita asubuhi. Wazee wapo, Mutuma yupo. Kitita kilikuwa kimenyauka, bado hakijakauka. Akafungua, akatafuna polepole, akakunja uso.

"Chungu sana hii kitu yenu," akasema. "Lakini nimekula. Pikapu ya miraa ya Nairobi inatoka mchana. Wewe kaa mbele na dereva."

Mutuma akanikumbatia. Nilidhani nitaruka kwa furaha. Sikuruka. Nadhani kuna mahali moyoni nilitaka akatae. Nikishindwa kesho, sina wa kumlaumu.

Nimepiga njumu brashi. Mfuko sina. Nimezifunga kwa yale majani ya mgomba yaliyobaki.